Vitambulisho Hamsini na Viwili

Bofu, Likoni
Jumatatu, 12 Januari 2026

Dada Dorcas,

Shikamoo.

Najua barua itakushangaza. Namba yangu umeifungia tangu tumzike Mama, na hata ungeifungua nisingekupigia. Siku hizi mtu anakupokea huku anakurekodi, na ujumbe ukiutuma jioni, asubuhi uko kwenye simu za Mikindani nzima. Kwa hivyo nimerudi kwenye karatasi. Nimempa Wafula, jirani yangu hapa, anayevuka feri kila siku kwenda kiwandani Changamwe. Atakuachia pale unapokaangia viazi, na jibu atalichukua yeye.

Neno langu ni moja. Mheshimiwa Maxwell alihama chama, kiti chake cha wadi kikatangazwa kuwa wazi, na Alhamisi ya tarehe tano Machi anakigombea upya. Kampeni yake naisimamia mimi. Kikundi alichotuachia Mama kina wanawake hamsini na wanne na wewe ndiye mwenyekiti. Ukiwaambia kaeni wanakaa, ukiwaambia simameni wanasimama. Nataka siku hiyo wote wawe foleni pale Shule ya Msingi ya Kwa Mweri kabla jua halijachomoza, wamevaa leso tutakazowaletea, na wampigie Mheshimiwa.

Usinianzie habari za zahanati. Jengo lipo, bati lipo, rangi ipo. Mambo mengine yanakuja polepole, na anayeona yanachelewa aende akajenge yake. Sikuombi, Dorcas. Nakwambia.

Mdogo wako,
Felix Karisa


Kwa Mweri, Mikindani
Ijumaa, 16 Januari 2026

Felix,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma nikiwa nimeshika mwiko, na bahati yako karai la mafuta lilifunika moto, la sivyo ningeitia humo.

Unasema nisianze habari za zahanati. Nitaanza nayo, nitamaliza nayo. Mama alitoa kiwanja kwa mkono wake, cha bure, ili wanawake wa hapa wasizalie njiani. Mheshimiwa wako amekata utepe mlangoni pale mara tatu. Mara ya kwanza jengo lilipoisha. Mara ya pili miezi miwili kabla ya uchaguzi, baada ya kupaka rangi. Mara ya tatu ni siku tuliyomzika Mama, naye Mama alifia ndani ya tuktuk akipitishwa mbele ya mlango huo huo wenye kufuli. Wewe ndiye uliyemleta. Wewe ndiye uliyempa kipaza sauti kabla mchungaji hajaomba. Jeneza lilikaa juani dakika arobaini huku yeye akitaja majina ya waliompigia na wasiompigia. Akamaliza akavuka ua, akakata utepe, watu wakapiga makofi. Na wewe ulipiga. Nilikuona.

Kwa hivyo sikia. Kikundi hakitampigia Mheshimiwa. Wala hakitampigia mwingine. Tumepiga kura tangu tulipopata vitambulisho, tumechomwa na jua kwenye foleni, tumepakwa wino, na wino ndio tuliorudi nao nyumbani. Mwaka huu tunalala. Wacha wachaguane wenyewe.

Shikamoo yako nimeiona. Sijaiitikia.

Dorcas Karisa


Bofu, Likoni
Jumapili, 25 Januari 2026

Dada Dorcas,

Shikamoo, hata kama huiitikii.

Nimecheka. Nyinyi msusie kura? Nyinyi? Nawajua mmoja mmoja. Mapenzi atapewa pakiti ya unga atakwenda. Roseline ataambiwa kuna bibi wa mgombea anagawa sabuni, atakwenda na mama mkwe wake. Mtajificha majumbani hadi saa nne, kisha mtaanza kuchunguliana madirishani nani ametoka, na kufika saa sita mko foleni nyote mnasukumana. Nimefanya kazi hii miaka tisa. Mwanamke wa Kwa Mweri hajawahi kukaa nyumbani siku ya kura, na hutaanza wewe kumfundisha.

Mama angeweza. Mama alikuwa akiweka kitu ndani ya lile sanduku lake la chuma, basi hata yeye mwenyewe hawezi kukigusa mpaka siku iliyopangwa ifike. Nyinyi mlirithi sanduku tu.

Na kama mnamfichia kura yule Mwalimu Margret Musyoka, nawaonea huruma. Mwalimu mstaafu, hana gari, anazunguka na mwavuli nyumba kwa nyumba. Ati anasema ana jambo moja tu la kuahidi. Mtu mwenye jambo moja ni mtu asiye na mambo.

Narudia: saa kumi na mbili asubuhi, leso kiunoni. Usinitie aibu mbele ya Mheshimiwa. Nimeshampa neno langu juu yako.

Felix


Kwa Mweri, Mikindani
Jumanne, 3 Februari 2026

Felix,

Umempa neno juu yangu? Nani alikutuma?

Sasa nikueleze tulivyofanya, ukamsomee Mheshimiwa wako. Jumapili baada ya kanisa kikundi kilikaa kwangu. Niliwasomea barua yako, neno kwa neno, na ile ya unga na sabuni nikairudia mara mbili. Mapenzi alilia kwa hasira. Roseline alisema wewe ulinyonya ziwa la mama yake ulipokuwa na surua, na leo unamwita mtu wa kununuliwa kwa sabuni.

Ndipo tukalileta sanduku la Mama katikati. Kila mmoja alitoa kitambulisho chake, akakibusu, akakitia ndani. Viko hamsini na viwili; wanawake wawili, vyao vilipotea. Hata Purity wangu, ambaye amekipata Novemba na hajapiga kura maishani mwake, nilimwambia atie. Alinitazama vibaya, lakini alitia. Kisha tukafunga kufuli zote tatu. Unazijua sheria za Mama: mwenyekiti hashiki ufunguo. Mmoja anao Roseline, mmoja Mama Janice, mmoja Mapenzi, anautembeza shingoni. Mmoja akikosekana sanduku halifunguki. Tumeapa halifunguliwi hadi tarehe sita Machi, siku inayofuata ya kura. Haya, njoo na unga wako. Mtu bila kitambulisho atapigaje?

Tayari kuna walioumia. Juzi Mama Janice alikwenda kutoa hela kwa wakala wa simu, akaulizwa kitambulisho, akarudi mikono mitupu. Hakulalamika.

Mwalimu Margret alikuja pia, na huo mwavuli wake. Alimfundisha Purity kusoma, kwa hiyo nilimpa kiti. Akaniambia, "Mama Purity, mimi nataka kufungua mlango wa zahanati tu. Miezi sita nikishindwa, najiuzulu." Nikamwambia wote mwaanza hivyo hivyo, hata yule aliyekata utepe alianza kwa upole. Nikamwambia asirudi. Alichukua mwavuli akaondoka. Nilijisikia vibaya kidogo, lakini nilikuwa nimeshasema.

Kwa hivyo wote wako sawa mbele yetu: hapati yeye, hapati Mheshimiwa.

Dorcas Karisa


Bofu, Likoni
Jumatano, 11 Februari 2026

Dorcas,

Umerukwa na akili. Kufungia watu wazima vitambulisho kama mtu anayefungia kuku! Mheshimiwa amenitukana mbele ya watu kwa sababu yako. Amesema kama nashindwa na dada yangu wa tumbo moja, nitaweza wadi?

Nakuamuru ufungue sanduku hilo. Wiki hii. Usiponisikiliza mimi, msikilize mume wako, kama bado anakumbuka ana sauti nyumbani mwake. Tangu utotoni ulikuwa hivi: ukiambiwa njia hii, unashika ile, hata ukichomwa na miiba hurudi. Mama alikuwa anakuficha tu, lakini alikuwa anachoka nawe.

Fungua, nimesema. Usithubutu kuwaweka wale wanawake ndani siku ile.

Felix


Kwa Mweri, Mikindani
Jumamosi, 28 Februari 2026

Felix,

Lile ulilosema kuhusu Mama nimelisoma. Sitalijibu leo, kwa sababu nina swali na nataka jibu la kweli mara moja tu katika maisha yako.

Jana walikuja wanaume wanne pale zahanati. Walikuwa na kamba ya kupimia na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Wamevichoma kuzunguka kiwanja chote, na kigingi kimoja kimesimama hatua sita kutoka kaburi la Mama. Nilipowauliza, mkubwa wao alisema wametumwa kupima, hajui zaidi. Yule kijana wa kushika kamba ndiye aliyeropoka. Alisema hapa panawekwa yadi ya makontena, kwa sababu barabara kuu iko karibu na malori yanapata pa kugeuzia. Mkubwa akamkaripia anyamaze.

Purity hasemi na mimi tangu jana. Aliniambia, "Mama, umetufungia ndani halafu wanatupimia nje." Nikamzaba kofi. Ana miaka kumi na tisa, na nilimzaba kofi mbele ya wateja.

Wapo wanaoanza kusema tufungue sanduku. Nimewaambia kiapo ni kiapo. Lakini wewe niambie. Kiwanja cha Mama kimeuzwa? Mheshimiwa akirudi, atakitoa?

Nakuuliza kama mtoto wa Mweri, mama yetu, si kama mtu wa kampeni.

Dorcas


Bofu, Likoni
Jumatatu, 2 Machi 2026

Dada yangu Dorcas,

Shikamoo sana.

Usijisumbue na maneno ya kijana wa kamba. Mheshimiwa anataka kujenga ukuta kuzunguka zahanati, ndio maana wamepima. Kaburi la Mama litakuwa ndani ya ukuta, salama. Hakuna yadi. Niamini.

Kuhusu sanduku, nimefikiri, na nimeona nilikukosea. Mmeapa, na watu walioapa hawafai kulazimishwa. Kaeni majumbani kwa amani. Mwanamke mwenye neno moja ni wa kuheshimiwa, na wewe umekuwa hivyo siku zote. Mwambie Purity mjomba wake anamsalimu.

Ndugu yako akupendaye,
Felix


Kwa Mweri, Mikindani
Jumamosi, 7 Machi 2026

Felix,

Barua yako ya Jumatatu niliisoma mara tatu. Miaka yote hii hujanisifu hata siku moja. Nilijua kuna kitu. Lakini nilikuwa nimeshawaambia wanawake kiapo ni kiapo, na sikutaka kuonekana nageuka. Hilo nalikubali, ni langu.

Nitakwambia Alhamisi ilivyokuwa, kwa sababu nataka uijue yote.

Asubuhi mtaa ulikuwa kimya hata tukasikia muziki wa gari lenu kutoka barabara kuu. Saa mbili nilipeleka uji kwa jirani, nikapita mbele ya shule. Foleni ilikuwa na watu wanane. Askari alikuwa amekaa kwenye dawati, anasinzia. Nikafurahi, Felix. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kama mtu aliyemnyima mwenziwe chakula. Nikasema, leo watajua thamani yetu.

Saa nne walikuja kumi na watatu, Purity mbele. Walitaka vitambulisho. Purity alisema Mwalimu Margret amesimama peke yake nje ya kituo tangu alfajiri, hana hata mtu wa kumletea maji, na anasalimia kila anayepita. Nikakataa. Wakaja wengine. Nikaliburuta sanduku mpaka mlangoni nikalikalia. Roseline alinisihi, nami nikamwita kigeugeu, na yeye ndiye rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Nilikaa juu ya sanduku lile hadi saa nane mchana.

Saa nane lori lilipita kwangu limebeba nguzo za chuma na waya wa ua. Sio matofali ya ukuta, nguzo. Likashusha pale zahanati, siku ambayo kila mtu yuko mbali na macho ya kila mtu yako kwenye kura. Nikatoka nikaona kwa macho yangu kibao kimeegemezwa mlangoni, kimeandikwa jina la kampuni ya makontena. Basi nikashuka. Nikasema leteni funguo.

Roseline alikuja. Mama Janice alikuja. Mapenzi hakuwepo. Jumatano jioni gari dogo jeupe lilikwenda kumchukua, wakamwambia shangazi yake wa Kaloleni amefariki, na kwamba mtu mwema wa huko ndiye aliyelituma. Tulimpigia. Alipokea analia, akasema amemkuta shangazi anapukuchua mahindi, mzima wa afya, na gari lilipomshusha liliondoka hapo hapo. Alikuwa amepata pikipiki ya kurudi mchana huo tu, ufunguo shingoni, na njia ni ndefu.

Hatukungoja. Wafula alikuwa na likizo, akaletwa na msumeno wa chuma. Kufuli za Mama si za dukani. Alipewa na mtu wa bandarini, zile za kufungia makontena. Wembe wa kwanza ukavunjika, wa pili ukavunjika. Wanawake arobaini walisimama uani kwangu wanausikiliza msumeno. Wa tatu Wafula alikwenda kuuazima. Kufuli lilikatika saa kumi na moja na dakika kumi.

Tulikimbia hata hivyo. Mama Janice ana miaka sitini na nane, alikimbia na leso imeanguka. Lango lilikuwa limefungwa. Msimamizi alisema angekuwepo mtu hata mmoja kwenye foleni saa kumi na moja kamili wangeliacha wazi kwa waliosimama nyuma yake, lakini hapakuwa na mtu. Purity alishika nondo za lango kwa mkono mmoja na kitambulisho chake kipya mkono wa pili, akakionyesha kwa askari. Askari akamwambia, "Uchaguzi ujao, binti."

Jana walibandika karatasi mlangoni. Walioandikishwa kituoni kwetu ni elfu moja mia nne na themanini na sita. Waliopiga ni mia tatu na kumi na mmoja. Kwa wadi nzima Mheshimiwa amemshinda Mwalimu Margret kwa kura thelathini na saba.

Sanduku letu lilikuwa na vitambulisho hamsini na viwili.

Nijibu jambo moja. Gari lile jeupe lilikuwa la nani?

Dorcas


Bofu, Likoni
Jumapili, 15 Machi 2026

Kwa wifi Dorcas,

Habari yako? Mimi ni Fancy, mke wa Felix. Si mtu wa kuandika barua na Kiswahili changu ni kile cha kwetu bara, utanisamehe. Felix hajui naandika. Nitamwambia nikishampa Wafula.

Barua yako ya mwisho aliiacha mezani, nikaisoma. Uliuliza gari. Gari ni la Mheshimiwa. Felix ndiye alimtuma dereva, nilimsikia akimpa jina la yule mama na jina la shangazi yake.

Lakini si hiyo tu, na hii ndiyo inanifanya nisilale. Desemba Mheshimiwa alikuja hapa nyumbani na watu wake wa hesabu za kura. Walisema Kwa Mweri imepotea, wanawake wa kule wamekasirika na zahanati na wote watampigia huyo mwalimu. Mmoja akasema wapewe kitu. Felix akasema hapana, wale hawanunuliki, mama yangu aliwalea. Akasema, "Hatuwezi kuwafanya watupigie. Tunaweza kuwafanya wasipige. Niachieni dada yangu. Mimi nitamwambia apige kura, na yeye atakaa nyumbani hadi afe."

Ndivyo alivyosema, wifi. Ile barua ya kwanza, ya leso na saa kumi na mbili, waliiandika pamoja. Ile ya unga na sabuni, na ile habari ya sanduku la mama, alifikiria yeye mwenyewe na akafurahi sana. Na zako zilipokuja zilisomwa hapa sebuleni kwangu, kwa sauti, Mheshimiwa ameshika soda. Ile ya kufuli tatu walipiga makofi. Mimi nilikuwa naleta viazi kutoka jikoni, nikaviweka chini nikarudi.

Nilinyamaza. Sina cha kujitetea. Nilijua tangu Desemba na nilinyamaza, kwa sababu karo inalipwa na kazi hiyo. Nimeandika sasa kwa sababu uliandika juu ya kofi ulilompiga Purity, nikaona hilo kofi limetoka hapa kwetu.

Fancy


Bofu, Likoni
Jumatatu, 23 Machi 2026

Dada,

Shikamoo.

Fancy ameniambia mwenyewe kwamba amekuandikia. Amehamia kwa dada yake Magogoni na watoto. Umefurahi?

Sasa tuseme ukweli, maana hakuna tena cha kuficha. Ndiyo, ni kazi yangu. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini nikuulize, nani alifunga kufuli? Mimi nilikuwa Likoni. Nani alikalia sanduku kutoka saa nne hadi saa nane huku mtoto wake mwenyewe anamlilia? Nani alimfukuza yule mwalimu kwenye kiti? Mimi nilituma karatasi tu. Ungekuwa umezichana, ungeamka asubuhi ukafanya unavyotaka, mimi na Mheshimiwa tungekuwa nyumbani leo tunatafuta kazi. Ulikuwa na hasira kuliko akili, nami nikaitumia. Kama si mimi angekuwa mwingine.

Mnadhani mkikaa nyumbani tunaumia. Dorcas, sisi huwa tunaomba mkae. Kila mtu aliyechoka na siasa ni kazi ambayo hatuhitaji kuifanya. Foleni fupi inatutosha, tunaijua majina yake.

Yadi inakuja. Kaburi litazungushiwa ua mdogo, nimeliandika kwenye mkataba mimi mwenyewe, na hilo hutanishukuru. Tuachane na mengine. Mama alituzaa wawili tu.

Felix


Kwa Mweri, Mikindani
Jumanne, 31 Machi 2026

Felix,

Barua yako niliwasomea wote Jumapili, kama ile ya unga. Safari hii hakuna aliyelia. Nilipofika pale unapouliza nani alifunga kufuli, nilisimama nikasema, ni mimi. Nikarudi kukaa. Roseline hakuniambia pole, na sikuistahili.

Kwa hiyo hapo umesema kweli, na nimekukubalia mbele ya watu. Sikukosea kuwachukia. Nilikosea kudhani chuki yangu inawafikia huko mliko. Nilikaa juu ya sanduku nikiamini nawaadhibu, kumbe mlikuwa mnapiga makofi.

Nilikwenda kwa Mwalimu Margret kumwomba radhi. Alikuwa anapanga vitabu vyake vya zamani ili awape shule. Sikujua nianzie wapi, nikamwambia yote tangu barua yako ya kwanza. Alifunga kitabu alichokuwa ameshika. Kisha akasema, "Ningeshinda kwa kura zenu, Mama Purity. Siku nzima nilikuwa nawaangalia njiani." Hakunipa chai, na mimi sikungoja.

Makontena yameanza kushushwa. La kwanza ni jekundu. Kuanzia saa tisa kivuli chake kinafika kwa Mama. Ua wako mdogo umewekwa, umefika magotini. Wafanyakazi wa yadi wanauruka tu kwenda kukojoa.

Sanduku nakurudishia, Wafula atalileta na mkokoteni. Ni la Mama, na wewe ndiye uliyelitumia vizuri kuliko sisi sote. Kufuli mbili ni nzima. Ya tatu utaona mahali pa msumeno. Ndani hamna kitu. Kila mwanamke sasa anatembea na kitambulisho chake, wengine kwenye sidiria, wengine kwenye mfuko wa plastiki shingoni, pale Mapenzi alipokuwa akiutundika ufunguo. Purity anacho chake. Nilimwomba juzi nikitazame tu, nione picha aliyopigwa. Alikishika kwa nguvu, akaniambia, "Hapana, Mama." Akakirudisha mfukoni, akakaa na mkono juu yake mpaka nilipotoka chumbani.

Umeandika tuachane na mengine kwa kuwa Mama alituzaa wawili. Mwaka ujao mwezi wa nane kuna uchaguzi mkuu. Najua utaniandikia kabla ya hapo. Utaniamuru nipige, au utaniamuru nisipige, au utanisifu, au utasema unaumwa. Mheshimiwa atakaa na soda yake akingoja jibu. Halitakuja. Hutajua tumekasirika au tumesahau, hutajua tumelala au tumeamka, wala hutajua ni wangapi. Utayajua hayo asubuhi ya siku yenyewe, ukiwa umesimama langoni, kama tulivyosimama sisi.

Shikamoo zako zote nilizihesabu, zile nne. Hakuna nitakayoiitikia.

Dorcas, binti Mweri